Yai la Chokoleti, Gauni Jipya na Mfuko wa Mzazi: Maswali Yenu ya Pasaka

Tangu Jumatano ya Majivu barua zenu zinauliza jambo lilelile kwa njia kumi: watoto wapewe nini Pasaka, na pesa itoke wapi. Mwaka 2026 sikukuu inaangukia Aprili 5, mshahara ukiwa bado una joto. Mwaka 2027 ni Machi 28, na wengi mtaifikia mmekauka, kwa hiyo wa kuweka akiba aanze mapema. Barua tumezifupisha, majina tumeyaacha.

SWALI: Nina watoto watatu: wa mwaka mmoja na nusu, wa miaka minne na wa saba. Nimetenga shilingi 60,000 za zawadi. Kila nikipita Kariakoo naona midoli inayoimba na kuwaka taa, ila naogopa kununua kitu kitakachokufa Jumatatu ya Pasaka. Ninunue nini? (Mama wa watatu, Mbezi)

JIBU: Mama, zigawe pesa kabla hujatoka nyumbani. Elfu 15 kwa kila mtoto, na elfu 15 iliyobaki inunue kitu kimoja cha wote. Ukifika dukani bila mgawanyo huo, wa miaka saba atakula fungu la mdogo wake, maana ndiye anayejua kuomba. Kitu cha wote mara nyingi ni mpira mzuri, na usishangae ukiona ndio uliodumu kuliko vingine vyote.

Huyo mdogo hajui Pasaka wala bei. Kazi yake kwa sasa ni kuingiza na kutoa, kufunika na kufunua, kuangusha na kusubiri aokotewe. Usiende duka la midoli kwa ajili yake, nenda duka la vyombo: bakuli tatu au nne za plastiki ngumu zinazoingiana, chupa pana yenye kifuniko cha kuzungusha, kikapu kidogo. Ukitaka mdoli, chukua wa kitambaa mwenye macho yaliyoshonwa kwa uzi, kwa sababu macho ya vifungo hung'oka. Mpira wake usipungue kipenyo cha sentimita 4.5, na kama kitu kina kamba ya kuvuta, kamba isizidi sentimita 22, isije ikamzunguka shingoni.

Kipimo cha kukaba koo unacho chooni. Chukua kile kiini cha karatasi ya chooni kilichobaki roli ikiisha, utumbukize mdoli au kipande chake chochote kinachoweza kung'oka. Kikipita ndani, asipewe mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Viwandani hutumia silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7. Kiini ni kipana kidogo kuliko hapo, hivyo ukikosea utakosea kwa kumlinda. Shida ya nyumba yenye watoto watatu ni kwamba kitu cha mkubwa kinalala sakafuni na mdogo anatambaa nacho. Kwa hiyo gololi na shanga za mkubwa zisubiri miaka miwili.

Sasa hiyo midoli inayoimba. Mingi huendeshwa na betri bapa za duara, kama zile za saa. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, mate yanapitisha umeme kati ya pande zake mbili, na nyama ya koo inaanza kuungua ndani ya saa mbili. Usinunue kitu chochote chenye betri hizo kama mfuniko wake haukufungwa kwa skrubu. Ukishuku amemeza, nenda hospitali papo hapo na usimtapishe. Kama amezidi mwaka mmoja, anameza vizuri na hazijapita saa 12, mpe njiani asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita. Asali hupunguza kuungua. Lakini kama haipo ndani, usipoteze muda kuitafuta. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, wala kwa sababu hiyo wala kwa nyingine.

Wa miaka minne mpe kalamu nene za rangi na daftari kubwa lisilo na mistari, au umtengenezee udongo wa kuchezea: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, vijiko viwili vya chakula vya mafuta, na maji kiasi cha kikombe kimoja ukiyatia kidogokidogo. Ukishika mkononi, ongeza unga. Ukipasuka, ongeza maji. Ukiufunga ndani ya mfuko kwenye friji unafika wiki mbili. Una chumvi nyingi mno, asiule, na usiachwe mbwa aufikie. Wa miaka saba anastahili kamba ya kuruka (akisimama katikati yake, ncha zifike kwapani), ludo, kitabu cha hadithi, au kibubu chenye shilingi mia tano ya kwanza ndani. Kibubu cha udongo, si cha plastiki chenye kizibo chini: kizibo ni kishawishi.

La mwisho ni maputo. Puto lisilopulizwa, au kipande cha lililopasuka, linaziba koo vibaya kuliko pipi. Kwa walio chini ya miaka minane yapulize wewe, na vipande uviokote wewe.

SWALI: Supamaketi ya mtaani kwetu imepanga mayai makubwa ya chokoleti kwenye maboksi mazuri. Pacha wangu wa miaka mitano wameshayaona. Je, yana thamani ya bei yake? (Baba pacha, Nakuru)

JIBU: Ligeuze boksi usome gramu, kisha ugawe bei kwa gramu hizo. Fanya vivyo hivyo kwa chokoleti ya kawaida ya bapa ya kampuni ileile. Tuseme yai la gramu 100 ni shilingi 900 na bapa la gramu 100 ni 350: hizo 550 zilizozidi umenunua karatasi ngumu, dirisha la plastiki na hewa. Yai hilo ni tupu ndani, na boksi limekatwa lijaze macho ya mtoto.

Hata hivyo halikuanza jana. Kampuni ya J. S. Fry ya Bristol, Uingereza, ilitoa yai lake la kwanza la chokoleti mwaka 1873, Cadbury wakafuata 1875. Kilichobadilika ni ukubwa wa boksi na bei ya kakao. Mavuno yalipoharibika Ghana na Côte d'Ivoire, zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, bei ya tani moja huko New York ilivuka dola 12,000 Desemba 2024. Mambo yakiwa hivyo, mtengenezaji ana njia mbili, apandishe bei au apunguze gramu na kuacha boksi lilivyokuwa. Ndiyo maana tunakusisitizia gramu.

Kuhusu sukari, karibu nusu ya uzito wa chokoleti ya maziwa ni sukari. Yai la gramu 100 lina kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai. Mwongozo wa afya wa Uingereza unampa mtoto wa miaka minne hadi sita gramu 19 kwa siku nzima. Ongeza soda ya chupa ya mililita 350, ambayo peke yake ina sukari inayokaribia vijiko tisa, na usiku wa Pasaka hakuna atakayelala. Ukiamua kununua, nunua moja kwa wote wawili, livunjwe mezani baada ya chakula, kila mmoja apate vipande viwili na linalobaki liingie kopo. Baada ya chakula ni bora kuliko kulamba kutwa nzima, kwa sababu meno huharibiwa zaidi na idadi ya mara sukari inapogusa jino.

Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na kulegea huanza kabla ya hapo. Nakuru mna baridi yenu, lakini gari lililofungwa juani halijui hilo. Chokoleti iliyolegea ikaganda tena hutoka weupe kama vumbi juu. Si kuvu, ni mafuta yaliyopanda. Inalika, ila imepoteza ule mlio wa kuvunjika.

SWALI: Binti yangu wa miaka mitano hataki kusikia habari ya Pasaka bila gauni jipya. La mwaka jana, lile la neti lenye tabaka nyingi, lilimwasha akalivua katikati ya ibada. Mwaka huu nashona. Nimwambie nini fundi? (Mama, Arusha)

JIBU: Umegusa penyewe. Kwetu biashara ya Pasaka ya watoto haijakaa sana kwenye mayai, imekaa kwenye nguo, soda na kiingilio cha sehemu za michezo. Gauni la dukani lenye neti linashonwa kwa ajili ya picha: neti ya nailoni imegusana na ngozi, na mshono wa kiuno una ncha ngumu zinazochoma. Ukikutana nalo tena, pitisha mkono wako ndani kiunoni kisha ulisugue kwenye ngozi ya upande wa ndani wa kiwiko. Likikukwaruza wewe, yeye litamchubua.

Kwa fundi peleka kitenge cha pamba, mita moja na nusu zinamtosha mtoto wa umri huo. Kiloweke na kukianika kabla hakijakatwa, la sivyo kitapunguka baada ya kufuliwa mara ya kwanza na fundi atalaumiwa bure. Mwambie aache pindo la sentimita 8 chini na sentimita 2 na nusu za ziada kila ubavu. Mtoto wa miaka mitano huongezeka urefu wa kama sentimita 6 kwa mwaka. Pindo hilo ukilishusha Krismasi na tena Pasaka ijayo, gauni moja limefanya sikukuu tatu. Alama ya mkunjo wa zamani ifunike kwa utepe. Mkono uwe wa kulegea, shingo ifunguke kwa vifungo viwili nyuma, kwa sababu zipu hubana nywele na ngozi.

Kitambaa kifike kwa fundi wiki mbili kabla ya Jumapili ya Matawi. Wiki Kuu yenyewe kila fundi wa mtaa ana mlima wa nguo na jibu moja, "njoo kesho", na kesho yake ni Ijumaa Kuu.

Viatu pima jioni, akiwa amesimama, kwa kuchora wayo wake kwenye karatasi. Nafasi ya sentimita moja hadi moja na nusu mbele ya kidole kirefu inatosha. Wazazi wengi wanaruka saizi mbili ili vidumu, kisha mtoto anajikwaa kwenye ngazi za kanisa na kuomba avae ndala.

SWALI: Tunataka watoto wa shule ya Jumapili wafanye mchezo wa kutafuta mayai. Ni kama 60, wa miaka mitatu hadi tisa, na hatuna fedha ya mayai ya plastiki. Mwaka juzi tulijaribu kwa mayai ya kuchemsha, wakubwa wakazoa yote, na moja likaja kunuka chini ya kinanda. (Mwalimu wa shule ya Jumapili, Mwanza)

JIBU: Mwalimu, hilo lililonuka ndilo lingeweza kuokoa fedha zenu, kwa sababu linaonyesha kwamba anayeficha hakuwa na hesabu. Achaneni na mayai halisi kwenye maficho. Yai lililochemshwa halipaswi kukaa nje zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa moja, wakati ibada yenu peke yake inazidi hapo.

Nunueni karatasi za manila. Moja ya ukubwa wa A1 inatoa mayai 90 ya sentimita 8 kwa 6 mkiyapanga mistari tisa ya mayai kumi. Kwa watoto 60 mnahitaji 180, matatu kila mmoja, yaani karatasi mbili. Nunueni tatu, ya tatu ni ya makosa ya mkasi. Watoto wenyewe wayapake rangi Jumapili ya Matawi, na hapo nusu ya sherehe itakuwa imeshafanyika bila gharama.

Dawa ya wakubwa kuzoa ni rangi. Gawa watoto makundi manne kwa umri, kila kundi na rangi yake, na kila mtoto haruhusiwi kuokota zaidi ya matatu ya rangi yake. Aliyemaliza anamsaidia mwenzake kwa kuonyesha kwa mdomo, mikono nyuma. Wa miaka mitatu na minne wapewe eneo lao lililozungushiwa kamba, mayai yawe wazi kwa kimo cha macho yao, sentimita 80 hadi 100 kutoka chini, na waanze dakika tano mbele. Pasiwe na maficho karibu na kisima, mtaro, jiko wala magari yaliyoegeshwa. Anayeficha aandike orodha: "matano ukutani kushoto, manne kwenye mti wa mwembe". Hesabu ya kutoka ilingane na ya kurudi.

Mwishoni kila mtoto anabadilisha karatasi zake tatu kwa yai moja la kuchemsha la moto na chumvi kidogo, kutoka trei mbili mlizochemsha muda huohuo. Karanga nzima na pipi ngumu msizitie kwenye zawadi za walio chini ya miaka mitano, huwapalia.

SWALI: Wanangu, wajukuu wangu wamefika kutoka mjini wananiuliza sungura wa Pasaka anataga wapi. Na kuna mhubiri redioni kasema sungura na mayai ni upagani, na kwamba hata jina la sikukuu ni la mungu wa kike wa Babeli. Niwajibu nini? (Bibi, Marangu)

JIBU: Shikamoo, bibi. Tuanze na jina. Mhubiri huyo anazungumzia neno la Kiingereza, Easter, na kulifananisha na Ishtar wa Babeli. Hayo mawili yanafanana kwa sauti tu. Mtawa Mwingereza aitwaye Bede aliandika mwaka 725 kwamba neno hilo limetokana na mwezi ulioitwa kwa jina la Eostre, mungu wa kike wa Waanglo-Saksoni, na hakutaja sungura wala yai. Sisi tunasema Pasaka, neno la ukoo wa Pesach ya Kiebrania, sikukuu ya Waisraeli kutoka Misri. Hoja ya mhubiri haiingii kwenye Kiswahili hata kwa dirishani.

Mayai yana sababu ya jikoni. Zamani Kanisa la Magharibi lilikataza mayai wakati wa Kwaresima, lakini kuku hafungi Kwaresima, aliendelea kutaga. Ikifika Pasaka kila nyumba ilikuwa na mayai ya kugawa. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza mwaka 1290 alitumia pensi 18 kwa mayai 450, yakachemshwa, mengine yakapakwa rangi na mengine dhahabu, akawapa watu wa nyumba yake. Wagiriki hadi leo huyapaka rangi nyekundu siku ya Alhamisi Kuu.

Sungura ndiye mgeni wa baadaye. Daktari Mjerumani, Georg Franck von Franckenau, aliandika mwaka 1682 kuhusu watu wa Alsace na jirani zake waliowaambia watoto kwamba sungura pori huleta mayai na kuyaficha nyasini. Wahamiaji Wajerumani wakampeleka Pennsylvania karne ya 18, na kutoka Marekani akaingia kwenye maboksi ya maduka. Kwa hiyo waambie wajukuu kwamba sungura huyo ni wa hadithi ya Wajerumani, hatagi. Kisha wape hadithi za sungura wako wewe, yule aliyemzidi fisi akili.

SWALI: Mwanangu wa miaka mitatu kaona kwenye simu watoto wa nje wakipewa kifaranga hai na sungura siku ya Pasaka. Naweza kumnunulia? (Baba, Kigamboni)

JIBU: Hapana. Kifaranga cha siku moja kinahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha lipunguzwe nyuzi tatu kila wiki hadi manyoya yajae. Tena kuku hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Hupumua kwa kutanua kifua, na mkono wa mtoto ukikifumbata kifua hicho kifaranga kinakosa hewa kikiwa mikononi mwake anayekipenda. Juu ya hapo kuna vimelea vya salmonela, vinavyowaumiza zaidi walio chini ya miaka mitano. Sungura naye huishi miaka 8 hadi 12, na akipiga teke akiwa amebebwa vibaya huweza kujivunja mgongo.

Kama kuna jirani mwenye kuku wa kienyeji, mwombe amwekee tetea mayai ya kuatamia Machi 15. Huatamia siku 21, hivyo yataanguliwa karibu na Aprili 5 yenyewe. Mtoto aangalie kwa mbali, anawe mikono, arudi nyumbani mikono mitupu. Joto mama kuku analo.

SWALI: Shule ya chekechea ya mwanangu hapa Hamburg imeomba kila mtoto alete mayai matupu, yaliyopulizwa, ya kutundika kwenye matawi. Sijawahi. Pia nataka kupaka rangi mayai ya kula bila kununua vidonge vya rangi vya dukani. (Mama, Hamburg)

JIBU: Nunua mapema, mayai meupe hasa. Kumbuka Ujerumani maduka yanafungwa Ijumaa Kuu, yanafunguliwa Jumamosi, na kufungwa tena Jumapili na Jumatatu.

Kutoa ute: osha yai, liache lifike joto la chumba. Bandika kipande kidogo cha gundi ya karatasi kila ncha ili ganda lisipasuke, kisha toboa kwa sindano nene kwa kuizungusha pole pole, bila kugonga. Tundu la juu liwe dogo, la chini lifike milimita 3 hadi 4. Ingiza kijiti cha meno ukivunje kiini na kukikoroga. Wengi wanaruka hatua hii, kisha wanapuliza hadi mashavu yanauma, kumbe kiini kizima kimeziba tundu. Badala ya mdomo tumia bomba la sindano lisilo na sindano: sukuma hewa tundu la juu, ute utoke chini. Suuza ndani kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, lisimamishe likauke usiku kucha. Lisipokauka vizuri litanuka ndani ya wiki. Ute na viini weka kwenye chapati za maji, vipikwe siku hiyohiyo.

Kulitundika, funga uzi katikati ya nusu ya njiti ya kiberiti, itumbukize njiti wima kwenye tundu, kisha vuta uzi: njiti italala mlalo ndani na kukaza. Lipake rangi kwa brashi. Ukilitosa kwenye bakuli la rangi litaelea na kutoka mabaka.

Mayai ya kula yapake kwa maganda ya vitunguu, yale makavu ya kahawia. Maganda ya vitunguu kumi kwenye lita moja ya maji, chemsha dakika 30, chuja, yaache yapoe, tia vijiko viwili vya chakula vya siki. Siki hulainisha uso wa ganda ili rangi ishike. Ukizidisha, ganda linachujuka na rangi inatoka na kidole. Sasa fanya hivi: futa mayai mabichi kwa limau kuondoa mafuta ya vidole. Chuma jani la kotmiri, lilowanishe, lilaze juu ya ganda hadi kila kijipande kinyooke. Livishe yai kipande cha soksi kuukuu ya nailoni, vuta kwa nguvu nyuma na ufunge fundo. Yatie kwenye rangi iliyopoa, yapande moto pamoja na maji, na yakishaanza kuchemka hesabu dakika kumi. Yai baridi likitoswa kwenye maji yanayochemka hupasuka. Yakipoa kata soksi, bandua jani: ganda limekuwa jekundu la udongo, na jani limeacha kivuli cheupe chenye meno yake yote. Paka tone la mafuta ya kupikia ling'ae. Kazi ya kulaza majani mwachie mtoto, vidole vyake vidogo vinaiweza. Kwa njano tumia vijiko vitatu vya chakula vya binzari manjano kwa lita. Kwa bluu, kabichi ya zambarau, mayai yaliyokwisha kuchemshwa yakilala humo kwenye friji usiku mzima. Mayai yenye ganda la kahawia hutoa rangi nzito na jani halionekani vizuri.

SWALI: Jirani zetu ni Waislamu, na watoto wao huja kwetu Pasaka kama wetu wanavyokwenda kwao kupewa mkono wa Idi. Niwape nini kisichowakwaza wazazi wao? (Mama, Tanga)

JIBU: Noti mpya ndogo au matunda haviulizwi. Kwa vya pakiti, soma viambato: jelatini kwenye pipi laini za kuvutika na mayai ya sukari yenye povu mara nyingi hutokana na nguruwe, na baadhi ya chokoleti zina pombe ndani. Tafuta alama ya halali. Chakula cha nyumbani muulize mama yao kwanza, maana sufuria nayo ina historia yake.

SWALI: Mimi ndiye shangazi mwenye kazi, kila mpwa anategemea kwangu. Mwaka jana mtoto mmoja wa miaka minne alipata zawadi tisa kutoka kwa ndugu, akazifungua zote, akalia anataka ya kumi. Tufanyeje? (Shangazi, Mombasa)

JIBU: Shangazi, alilia kwa kuchoka. Mtoto wa umri huo akifungua kitu cha tatu, cha kwanza ameshakisahau, na kinachobaki kumfurahisha ni kuchana karatasi.

Mwezi mmoja kabla, andika kwenye kundi la familia: kila mtoto zawadi moja kutoka kwa ndugu wote, fulani anakusanya, mwisho wa kutuma ni tarehe fulani. Weka kiwango kidogo kinachotajwa wazi, ili asiye nacho asikimbie sherehe. Watakaokaidi wapo, nao msigombane nao mbele ya watoto. Zawadi za ziada zipande juu ya kabati. Kanisani Pasaka haiishi Jumatatu, inakwenda siku 50 hadi Pentekoste, ambayo mwaka 2026 ni Mei 24. Hapo katikati mna Jumapili nane, ukihesabu Pasaka yenyewe. Kila Jumapili inashuka zawadi moja. Ya tisa ataipata nani, mwamue pamoja na mtoto. Wengine humtaja mwenzao bila kusukumwa, wengine hukataa katakata, na akikataa yaishe.

Akililia kitu alichokiona kwenye tangazo, mwandikieni au mchoreeni kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani na mrudi kuitazama baada ya wiki mbili. Mara nyingi atataka kingine. Asipobadilika, huenda kweli anakihitaji, na siku yake ya kuzaliwa inakuja.

SWALI: Jumanne baada ya Pasaka mayai ya chokoleti yanashushwa bei hadi nusu. Ninunue? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Nunua. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi, litikise boksi usikie kama limeshavunjika, kisha livunje mwenyewe nyumbani uweke kwenye kopo. Halina umbo tena, kwa hiyo hakuna anayeliita la Pasaka, na gramu 100 za kuyeyusha juu ya keki zinakufikisha hadi siku ya kuzaliwa ya mtoto anayefuata.